Fisi na Mfupa wa Mababu

Mvua ilipoinyima nchi kwa mwaka wa tatu, mto ulibaki mchanga mtupu, na wanyama wote wakaelekeza pua zao kwenye kisima kimoja kilichosalia chini ya kilima cha mawe. Sheria ya pori ilikuwa nyepesi: kisima ni cha ukoo uliokichimba, na wengine hunywa kwa masharti ya wenyewe. Taabu ni kwamba kisima hiki kilichimbwa zamani mno. Simba, aliyependa kuamua mambo hasa yakiwapo macho ya kumtazama, akatangaza kwamba kila ukoo ulete historia yake mbele ya baraza, naye atasema kisima ni cha nani.

Fisi aliposikia, mate yalimjaa mdomoni. Hakuwaza maji, msidhani. Aliwaza masharti: kila mama atakayekunywa ataacha mtoto mmoja. Paa, ambaye mwanawe hakuweza tena kusimama kwa kiu, alimsikia akijisemea hivyo waziwazi, bila haya.

Basi bingwa wetu akaenda akaokota mfupa wa paja wa nyumbu aliyekufa wiki ileile. Akauchora mistari kwa ukucha, akaupaka matope, akaugaragaza kwenye majivu ya nyasi zilizoungua mpaka ukapata sura ya uzee. Akajitazama, akajiona msomi. Msomi! Kiumbe ambaye hangeweza kukutajia hata jina la bibi yake mzaa baba.

Siku ya baraza walitangulia ndege mnana, wale wasuka viota. Kwao historia huimbwa, na mwimbaji haachwi peke yake: nyuma yake hukaa mwingine ambaye kazi yake ni kusikiliza tu, na jina likirukwa, wimbo unaanza upya. Asubuhi hiyo ulianza upya mara tatu, na wenyewe hawakuona aibu. Wimbo ulisema Ngiri ndiye aliyekifukua kisima kwa meno yake, Tembo akamwondolea jiwe lililomzuia, na siku hiyo wote wakanywa.

Tembo hawaimbi. Historia yao iko miguuni. Kila mwaka Bibi Tembo huwatembeza wajukuu njia ileile, wakisimama kila mahali wakubwa wao walipofanya jambo, wakipagusa kwa mkonga. Bibi akasema kwamba kituo chao cha nne ni jiwe lililo nyuma ya kisima, na kwamba asiyeamini aende akaone.

Fisi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Aliuliza tangu lini kelele za ndege na matembezi ya kikongwe vikaitwa historia. Historia, alisema, ni kitu kilichoandikwa, kikashikika. Akanyanyua mfupa wake na kuusoma kwa sauti ya puani: babu yake wa saba alikichimba kisima, na Simba wa enzi hizo, shujaa asiye na mfano, akambariki. Simba alivimba shingo. Akaomba asomewe tena pale penye shujaa. Fisi akasoma tena, safari hii akikodolea macho upande mwingine kabisa wa mfupa, na Simba hakuona, au hakutaka kuona.

Paa alimtazama mwanawe, akaanza kulia.

Sungura alikuwa barazani muda wote huo. Alikuwa akimwangalia Fisi, jinsi kila baada ya sentensi mbili ulimi ulivyomtoka ukapita juu ya mfupa wa ukoo wake mtukufu. Sasa akainuka.

"Mfalme, tukalione jiwe la Bibi Tembo kwanza, ndipo uamue. Ila mfupa wa mababu usiburuzwe vumbini. Mjomba Fisi abaki nao hapa, aulinde mwenyewe."

Fisi alikubali kwa madaha. Wenzake walipotokomea nyuma ya kilima, aliuweka mfupa mbele yake, akakaa wima kama mlinzi. Harufu ikamfikia. Akasema atalamba ncha tu, maana kwenye ncha hakukuwa na maandishi. Ncha ikavunjika. Akasema mababu wa mwanzo wanaweza kuondoka, nani anawajua? Wakaondoka. Akafikiri kwamba kwa kweli ukoo wenye babu mmoja tu ni ukoo pia, akamtafuna wa pili, wa tatu, wa nne, na huyo aliyebaki akamwonea huruma kwa upweke.

Nyuma ya kisima waliliona jiwe, laini upande mmoja kwa kuguswa na mikonga ya vizazi. Kwenye kuta za kisima kulikuwa na mikwaruzo miwili miwili. Ngiri alipoombwa aweke meno yake pale, yalikaa sawasawa. Wakarudi.

"Mfupa uko wapi?" Simba aliuliza.

Fisi alijibu kwamba ameuhifadhi mahali pa usalama. Tumbo lake likanguruma.

"Mababu saba, mjomba," Sungura alisema. "Fisi saba walikabidhiana mfupa huo, na hakuna aliyeuonja. Wewe umekushinda asubuhi moja?"

Mke wa Fisi, aliyekuwa miongoni mwa waliorudi, alitazama pembeni. Simba, ambaye hakuwa na haja tena na habari za kisima, alisogea karibu.

"Na pale penye shujaa?"

"Hapo," Fisi alisema akitazama chini, "ndipo palipokuwa na uboho, Mfalme."

Simba akatamka kwamba kisima ni cha Ngiri, lakini Ngiri hakutaka kumwekea mtu masharti. Alisema kama wimbo unasema wote walikunywa, basi wote wanywe, na akamtanguliza mtoto wa Paa. Fisi alikunywa wa mwisho, baada ya vyura. Na mnana waliongeza ubeti mmoja kwenye wimbo wao, kuhusu mfupa na aliyeulinda. Huimbwa hadi leo, na yule akaaye nyuma ya mwimbaji huhakikisha haurukwi.