Kilemba cha Manyoya ya Chozi

Mcheza ngoma mmoja alikuwa na wana wawili na kilemba kimoja. Kilemba kilikuwa cha manyoya ya chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua. Alipokivaa uwanjani mchana, kichwa chake kiliwaka kijani, kikageuka zambarau, kikarudi kijani. Alipofariki, Mwaro, mdogo, alikitunza. Kadenge, mkubwa, alikuwa mbali kazini.

Kadenge akarudi kumwoza binti yake, akataka kukivaa kilemba cha baba arusini. Desturi yao ni kwamba kilemba cha marehemu hufunguliwa chumbani, mlango umefungwa, na mrithi akiwa peke yake. Akafungua kanga iliyokifunga kilemba. Manyoya yalikuwa meusi kama masizi. Akalowesha kidole, akasugua. Haikutoka rangi yoyote.

Alitoka mbio mpaka walipoketi jamaa.

"Mwaro, kilemba cha baba umekiuza, ukanifungia kunguru! Mbele ya jamaa nasema, sina ndugu."

Mwaro hakuwahi kukifungua, na moyoni alijiuliza kama unyevu wa nyumba yake ndio uliokiharibu. Ilibaki Kadenge ateme mate chini kuukata undugu, na kwao mate hayo hayarudi kinywani.

Shangazi yao, Dama, akasema, "Ngoja kwanza, baba. Huyo kunguru mlete nje, na sisi tumwone."

Kadenge akarudi chumbani, akakibeba mpaka penye jua. Kilemba kikawaka kijani mikononi mwake. Akakiinamisha, kikawa zambarau. Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Kadenge akaketi palepale chini, akamshika Mwaro mkono asiuachie. Naye Mwaro akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakujua ameubeba.

Unyoya wa chozi haukupakwa kijani. Wenyewe ni mweusi, ila umejengwa kwa tabaka nyembamba mno, zimelaliana kama makuti ya paa, na nuru ikipenya kati yake hurudi ikiwa na rangi. Utwange, utapata vumbi jeusi. Ufungie gizani, utaona weusi tu. Kwa hiyo simlaumu Kadenge. Macho yake yalisema kweli ya chumba kile.

Lakini wewe, yule uliyekwisha kumkata moyoni mwako, ulimtazama mlango ukiwa wazi?