Mabakuli Matatu ya Askari

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nyani waliingia kwenye mahindi na Askari hakubweka.

Askari alikuwa mbwa jike wa mashamba matatu yanayopakana, huko milima ya Taita. Wenye mashamba walimlisha kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Mghoi aliuza chai, na alijua ilivyokolea kwa kuitazama tu. Mwadime alikuwa fundi cherehani. Vitambaa viwili vyeupe vikitofautiana, yeye huona. Mzee Mwakio alikuwa mlinzi tangu ujana wake, na hata alipolala, sikio lake halikulala.

Wiki iliyotangulia, Askari aliacha kula. Zamu ya Mghoi, ugali ulibaki. Mghoi akasema moyoni, "Ameshibishwa kwa fundi." Zamu ya Mwadime, ugali ulibaki. Naye akawaza kwamba kwa Mzee kuna mifupa. Kwa Mzee, hali ikawa hiyo hiyo.

"Mnamdekeza," Mzee aliwatania. "Mbwa wa siku hizi anachagua hoteli!"

Wakacheka. Mbwa akazidi kukonda kati ya mabakuli matatu.

Mghoi aliuona mkojo wake kwenye vumbi, umeiva kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Hakusema. Angeulizwa amemlisha nini, na wateja wake wana masikio.

Mwadime alimwona akipiga mwayo. Fizi zilikuwa nyeupe kama kitambaa cha bafta. Hakusema. Kumwosha mbwa kwa dawa ya kupe ilikuwa kazi yake, na chupa ya dawa ilikuwa haijafunguliwa.

Mzee Mwakio alimsikia akihema mbio katika baridi ya alfajiri, ilhali hajakimbia popote. Hakusema. Yeye ndiye aliyejisifu kwamba mbwa aliyefunzwa naye haugui.

Basi Jumanne hiyo nyani walikula wakashiba. Watatu hao walikutana kwenye mabua yaliyovunjwa. Askari alikuwa amelala mtaroni, macho wazi.

"Jana alikula kwa nani?" Mzee aliuliza.

"Kwangu, lakini hakula," alisema Mwadime.

"Juzi kwangu hakula," alisema Mghoi.

"Hata kwangu," Mzee alikiri.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mghoi alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Mzee, mkojo wake ni mweusi. Niliuona tangu Ijumaa."

"Na fizi hazina damu," Mwadime akasema, chini chini.

Mzee alikohoa. "Anahema. Kila alfajiri anahema."

Walimbeba kwenye gunia hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari aliwasikiliza wote, akampima mbwa.

"Mngeniambia fizi tu, ningeanza na minyoo. Mngeniambia kuhema tu, ningetafuta kifuani. Mkojo peke yake una sababu nyingi. Zote tatu pamoja zimenielekeza kwenye homa ya kupe, na damu imethibitisha. Mngechelewa zaidi, mngemzika." Akanawa mikono. "Akipona, akae nyumba moja. Mbwa wa zamu kila mtu anadhani mwenzake anamwangalia. Apewe aliyemwokoa."

Njiani, Mzee alisema, "Achukue Mghoi. Ndiye aliyefungua kinywa kwanza."

"Nilisema kwanza, Mzee, lakini pia niliona kwanza. Nimenyamaza siku nyingi kuliko ninyi. Apewe fundi."

"Mimi? Kupe ni wangu wale! Mzee ndiye aliyetukusanya akauliza."

"Niliuliza baada ya mahindi kuliwa. Tulipopaswa kuulizana, mimi niliwachekesha."

Jumapili jioni Askari alirudi kwa miguu yake. Mghoi, aliyekwenda kumchukua, alisimama naye pale mashamba matatu yanapokutana, mnyororo mkononi. Kuufunga kwake aliona haya. Kumpa mwingine alisita, maana tangu Jumanne alikuwa akiamka kila alfajiri kuchungulia mtaro mtupu. Wenzake walikuja, kila mmoja na bakuli, naye akaweka lake. Wakasubiri Askari achague.

Askari alikula yote matatu.

Nanyi mliosikia, wakubwa kwa wadogo: kila mmoja alileta dalili moja, na kila mmoja aliificha. Je, wewe ungeufunga mnyororo huo mlangoni pa nani?

Giza lilipoingia, Mghoi alikuwa bado ameushika.