Kwa Nini Mtama wa Mwagila Huchelewa Kuiva

Zamani sana, enzi ambazo hata wazee wetu walisimuliwa tu, mtama wa Mwagila ndio uliokuwa ukitangulia kuiva katika bonde lote. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja kuomba mbegu kwao.

Katika nchi hiyo aliishi mhunzi mmoja, jina lake Ndaki. Majembe yote ya Mwagila yalitoka mikononi mwake, na akipita mashambani aliweza kulitambua kila moja kwa mlio wake udongoni.

Mwaka mmoja zikaja habari kwamba watu wa milimani wanajiandaa kwa vita. Hakuna aliyewaona, habari zilitosha. Mtemi Shigela akaamuru ifuliwe mikuki. Chuma kilipokwisha, akaagiza majembe yakusanywe nyumba kwa nyumba. Vijana wakatolewa mashambani kwenda kulinda mpaka, na kwa kuwa walinzi lazima wale, Mtemi akakopa mtama ng'ambo ya mto. Watu wa milimani waliposikia nyundo hazinyamazi, nao wakaanza kufua mikuki yao. Shigela akaongeza ya kwake, na deni likaongezeka.

Mwaka wa tatu Ndaki alikwenda kwa Mtemi, akapiga magoti.

"Mtemi, majembe yamebaki machache mno. Nikiyafua na haya, watu watalimia nini?"

"Na wakituua, Ndaki, atalima nani?"

Ndaki akainuka, akaenda zake. Aliporudi alimkuta mkewe, Mbuke, ameketi kando ya mivukuto ya kuvuvia moto, amepakata jembe alilopewa na mama yake siku ya kuolewa.

"Watu wa Mtemi wamekwisha kulihesabu," Mbuke alisema. "Lianze hili, nisiendelee kulitazama."

Ndaki alilitia motoni akiwa amempa mkewe mgongo.

Vita havikuja. Mikuki ilijaa katika maghala yaliyokuwa ya nafaka, ikashika kutu. Waliokuja ni wenye mtama, kudai chao, na hapakuwa na cha kuwapa. Ndaki aliomba mikuki irudishwe kuwa majembe. Mtemi akakataa, akisema watu wa milimani wataona nchi imebaki wazi. Basi wadai wakatoa sharti: mvua ya kwanza ikinyesha, watu wa Mwagila wavuke mto, wawalimie wao kwanza kwa majembe ya kuazimwa, kisha ndipo waende nayo kulima mashamba yao.

Asubuhi ya mvua ya kwanza Ndaki alimwona Mbuke akishuka kivukoni na wanawake wenzake, mikono mitupu. Alimwita. Mbuke alisikia, lakini hakugeuka.

Mavuno ya mwaka huo yalichelewa, hayakutosha, wakakopa tena. Ndaki alikufa bila kufua jembe jingine.

Na tangu mwaka huo hadi leo, mtama wa ng'ambo ukishafika magotini ndipo Mwagila wanapoanza kupanda. Kiangazi huukuta mtama wao ungali mchanga, ukanyauka nusu shambani. Hiyo nusu nyingine huliwa ikaisha mapema, wakakopa, na mvua zikirudi, huvuka mto tena kuwalimia wadai.