Siku Sahani Zilipoota Ukungu

Mtu mmoja, mwanamke, alikuwa na shahada ya uzamili ya elimu ya vijidudu, na binti wa kaka yake akamjia kutaka ushauri. Mwanamke aliitwa Atuganile, binti aliitwa Subilaga. Subilaga alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada iyo hiyo, na walimu wawili walikuwa tayari kumsimamia. Mmoja jina lake limevuma, maabara yake inang'aa. Wa pili hajulikani nje ya korido yake. Jibu lilitakiwa kesho yake jioni, na binti usingizi ulikuwa umempaa, maana akikosea, miaka ya ujana wake ndiyo inayokwenda na maji.

Shangazi akaanza kukumbuka siku za masomo yake. Jamani, kukumbuka nako! Aliikumbuka harufu ya rojo la kuoteshea vijidudu likichemka asubuhi, wenzake wakigombea meza ya dirishani, na chai waliyoinywa wamesimama nje kwa kuwa ndani ya maabara ni marufuku hata kutafuna karanga. Hawakuwa na kitu, na walicheka mpaka mbavu zikawauma. Moyo ulimlegea, akatamani arudishwe kule japo kwa siku moja.

Kisha akazikumbuka sahani zake. Alikuwa akilea vijidudu vya udongo, vile vikuavyo polepole, vinavyotaka kukaa wiki kadhaa ndani ya kabati la joto bila kuguswa. Loo, nani angevumilia! Kila asubuhi alifungua kabati, akafunua sahani, akachungulia, kama mpishi mwenye pupa anayefunua sufuria ya wali kabla haujaiva. Kila alipofunua, joto lilitoka na hewa chafu ikaingia. Mwishowe sahani zote zikaota ukungu mweusi, na kazi ya muhula mzima ikaharibika. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa kwikwi, akaazimia kufungasha virago arudi kwao Tukuyu.

Msimamizi wake, Mwalimu Ndelwa, mtu mkimya ambaye hakuna aliyewahi kumwalika kuhutubia popote, alimkuta pale. Hakumkaripia. Alikunja mikono ya koti lake, wakazichemsha zile sahani kuua ukungu, kisha akasimama naye kwenye karo wakaziosha pamoja. Akapika rojo jipya kwa mkono wake, wakapanda upya, akafunga kabati, akamwambia waende wakanywe chai. Safari hii vijidudu viliota, na Atuganile akahitimu.

"Mwanangu," shangazi akasema, machozi yakimlengalenga, "sifa za mwalimu achana nazo; nenda kawaulize wanafunzi wake, siku kazi ilipowaharibikia, yeye alikuwa wapi?"

Asubuhi Subilaga akaenda kuuliza katika maabara zote mbili. Katika ile inayong'aa wanafunzi walitazamana, mmoja akakohoa, wakarudi kwenye kazi zao. Katika ile ya pili kila mmoja alikuwa na kisa chake, wakamkalisha kwa masimulizi hadi adhuhuri, na binti akatoka akijua jibu atakalotoa.

Nanyi mliokabidhiwa watoto wa watu muwafundishe, wanafunzi wenu wakiulizwa leo, watasimulia au watatazamana?