Usiitike, Mkunde

Zamani ile ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, mlima huu wetu ulikuwa msitu mtupu. Mpo?

"Tupo!"

Basi menyeni maharage huku masikio yakiwa kwangu. Mwasiti, mikono hiyo.

Palikuwa na kipepeo, Mama Mkunde. Akazaa, mlamba akala. Akazaa tena, mlamba akala. Mnamjua mlamba, yule ndege mweusi wa mkia wa panda, anayeiga sauti ya kila kiumbe. Akala, akala, hata akabaki mtoto mmoja tu, Mkunde.

Mama akamwendea Bi Shubiri, mkubwa wa vipepeo wachungu. Siku mlamba alipomwonja mmoja wao alitapika mpaka nyongo. Tangu hapo akiona zile nguo zao nyeusi zenye madoa ya chungwa, anageuza uso.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja na aibu yangu. Tuazime nguo, mimi na mwanangu. Nimebaki na huyu tu."

"Marahaba, mwanangu. Chukueni. Lakini akiitwa jina lake asiitike. Akiitika tu, mlamba atajua aliyemo ndani ni mtamu."

Wakavaa. Mama akafundisha asubuhi, akafundisha jioni.

"Nikikuita?"

"Nisiitike."

"Nikilia?"

"Nisiitike, mama."

"Hata ikiwa sauti yangu. Huyo ni mlamba."

Kweli, mlamba akaja. Vipepeo wakatawanyika, mama huku, mtoto kule. Akaita kwa sauti ya mama mtu: "Mkunde weee! Njoo, mwanangu!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Njaa ikamshinda, akahamia bonde la mbali, asirudi.

Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza.

Mama akarudi mbio. Akakuta maua yamejaa vipepeo, wote nguo moja, wote sura moja.

"Mkunde weee! Njoo, mwanangu! Mlamba kahama!"

Kimya.

Akamwendea huyu: "Ni wewe?" Kimya. Akamwendea yule. Kimya. Akajaribu kuivua ile nguo mwanawe amjue. Imeshika mwili, haitoki. Akalia. Na Mkunde alikuwa hapo hapo, anasikia kile kilio, anajibana kwenye jani, anajiambia, nimefundishwa. Mtoto mwenye adabu, jamani! Roho inaniuma kila nikifika hapa.

"Bi Shubiri, nisaidie!"

"Nikusaidieje? Hata mimi sikujui wewe ni nani kati yetu."

Alikufa akiita. Mkiona kipepeo anatua ua hili, anaruka, anatua lile, hatulii, huyo ni wa ukoo wake, bado anatafuta.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Msicheke. Ile ilisitiri mno. Ukimficha mtoto, mwachie alama ya kukujua.

"Bibi, Mkunde hakujua kamwe kwamba ni mama yake?"

Hakujua. Menya maharage.

Kisa nimekitua chini. Mwenye nguvu akibebe.