Beki Aliyeinua Mkono

Haya mama zangu, dada zangu, mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapo hapo alipo, asitoke nje, maana habari yenyewe fupi na ukitoka utarudi ukute imekwisha. Leo nawaletea habari ya mpira. Msicheke, nimewaona! Mnadhani mpira ni wa waume zetu tu? Subirini kidogo.

Kulikuwa na beki mmoja wa kati, nahodha wa timu yake, miaka kumi na minne anacheza ligi kuu, mguu wa kulia una kovu refu kama zipu, meno mawili ya mbele aliyaacha kwenye uwanja wa ugenini na hakurudi kuyatafuta. Washambuliaji wakiona jina lake kwenye orodha ya wanaoanza, walianza kulalamikia misuli kabla hata ya kupasha mwili joto. Mashabiki walimwita Geti.

Lakini miaka kumi na minne ni mingi kwa magoti. Yakaanza kugoma, na yalipogoma, Geti akajitafutia ujanja. Sasa wasiojua mpira nisikilizeni, nitaeleza haraka.

Kwenye mpira kuna kosa linaitwa kuotea. Mshambuliaji haruhusiwi kutangulia nyuma ya mabeki akasubiri mpira karibu na goli. Ni kama yule mtu, tunamjua, anayekwenda kusimama na sahani kwenye sufuria wakati wenzake bado wanaombea chakula. Basi mabeki wana mtego wao. Wakiona adui anataka kupiga mpira mbele, nahodha anapaza sauti, "Pandeni!" na wote wanne wanachomoka hatua mbili kwa pamoja, na yule mshambuliaji anabaki peke yake nyuma yao na sahani yake. Mshika kibendera, yule mwamuzi wa pembeni, anainua kibendera, mchezo unasimama. Lakini wapande wote! Akibaki mmoja nyuma, hata kwa unyayo tu, mtego umekufa na yule mtu wa sahani ni halali kabisa.

Geti akaupenda mtego kuliko mbio. Akishapaza sauti, anainua mkono juu kumwelekea mshika kibendera, halafu anasimama. Na mkono ule ulikuwa na heshima yake, ukiinuka na kibendera kinainuka. Kipa wake, mtu waliyecheza naye tangu ujana, akamwambia siku moja mazoezini, "Kaka, siku hizi mkono wako unafanya kazi kuliko miguu."

Geti akacheka. "Mkono hauna goti, bwana."

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho kwake, maana alishatangaza kwamba anastaafu. Timu ilikuwa pabaya. Wakipata sare wanabaki ligi kuu, wakifungwa wanashuka daraja. Hebu fikirieni, miaka kumi na minne ya kuvunjwa na kushonwa, halafu watu wakukumbuke kama nahodha aliyeizamisha timu! Asubuhi ile alimiminiwa chai, akaiangalia mpaka ikapoa.

Dakika ya thelathini na moja, kiungo wa wapinzani akainua kichwa atafute wa kumpa. Geti akaona mapema, akaita, "Pandeni!" Mpira ukapigwa, ukapita. Mshambuliaji akaondoka nao mbio, na nahodha wetu je? Mkono juu. Amesimama wima kama nguzo ya umeme, macho kwa mshika kibendera. Akamwangalia, akamwangalia, na kibendera kiko chini, kimelala pajani. Alipogeuka mpira ulikuwa umeshatulia wavuni, na kipa wake amekaa chini kwenye nyasi anavua glovu moja.

Moja bila.

Mapumziko, walipofika chumba cha kubadilishia nguo, hakukaa hata kwenye benchi. Akamwendea beki wa kushoto, mtu mzima, baba wa watoto wawili, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Wewe! Nimesema pandeni, umebaki! Unatushusha daraja wewe!"

"Nahodha, mimi nilipanda."

"Ulipanda wapi? Juu ya mti?"

Wachache wakacheka, wengine wakaangalia njumu zao. Hapo kipa akaweka chupa ya maji chini.

"Kaka," akasema, "mimi nakaa nyuma yenu. Naiona migongo yote minne. Migongo mitatu ilipanda."

Geti akageuka kumtazama.

"Wa nne ulikuwa na namba tano," kipa akamaliza.

Namba tano ni nani, mama zangu? Si yeye! Alipaza sauti wengine wapande, yeye kisigino kikabaki pale pale, maana goti lilikuwa limemshauri atulie. Mwenyewe alimfungulia mshambuliaji mlango kwa kisigino, halafu akainua mkono kudai haki. Alikaa sasa. Akakaa na taulo kichwani, na mambo mengi yakapita chini ya taulo lile, ya msimu huu na ya msimu uliopita, mikono yote ile aliyoinua, na wale wote aliowanyooshea kidole baadaye. Kisha akaliondoa, akamtazama yule beki wa kushoto.

"Ndugu yangu, nimekusingizia. Nisamehe."

"Yameisha, nahodha. Ila ukisema tena pandeni, na wewe utapanda?"

"Nikishindwa kupanda, nitakimbia."

Kipindi cha pili, kona. Beki wa kushoto, huyo huyo aliyefokewa, ndiye aliyeipiga, na mwenzao mmoja akaruka akautia mpira wavuni kwa kichwa. Moja moja! Sare hii ikishikwa wanabaki. Uwanja mzima umesimama, watu hawajui wapige makofi au wafumbe macho. Dakika zikasogea, themanini, themanini na tano, themanini na tisa. Kiungo yule yule akainua kichwa. Geti akaita, "Pandeni!" na mara hii akapanda na wenzake, na mpira ukapita juu yao wote kumwendea mshambuliaji yule yule.

Mkono ukaanza kuinuka. Tabia ya miaka, mama zangu, haingojei ruhusa yako. Ulifika kifuani. Mashabiki jukwaani wameshainua yao, "Ameotea! Ameotea!" Geti akaushusha. Hakumtazama mshika kibendera, hakumtazama mtu. Akageuka akakimbia, na magoti yale yakipiga kelele ndani kama bawaba kavu, akakimbia tu. Mshambuliaji akampiga chenga kipa, akasukuma mpira taratibu kwenye goli tupu, akawa ameshafungua mikono ashangilie. Geti akajitupa. Kwenye mstari kabisa, kwa ncha ya kiatu, akautoa.

Filimbi ya mwisho ilimkuta bado ameshikilia goti, akilia na kucheka. Wamebaki ligi kuu.

Wakati anachechemea kutoka uwanjani, mshika kibendera akamfuata pembeni, uso umemshuka.

"Nahodha, lile la mwishoni. Jamaa alikuwa ameotea kweli, hatua nzima. Nilichelewa, sikuinua. Lingeingia lingekuwa bao, na kosa lingekuwa langu."

Geti akafuta jasho. "Kumbe alikuwa ameotea?"

"Kwani hukuona?"

"Ningeona wapi, kaka? Nilikuwa nakimbia."

Mmeisikia hiyo? Mara ya kwanza kosa lilikuwa lake, akasimama akadai haki, wakafungwa. Mara ya pili haki ilikuwa yake, yake kabisa, wala hakujua, kwa sababu alikuwa kazini, na timu ikapona.

Sasa sisi. Sisi tunaolea. Mtaa umeharibika, mkono juu. Simu zinatuharibia watoto, mkono juu, mwalimu hafundishi, baba yao hashiki hata daftari, mkono juu, mkono juu! Na huenda ni kweli, mengine ni kweli tupu. Lakini wakati umesimama hapo na mkono wako hewani, mpira uko wapi, mama? Unaelekea golini, na golini yupo mwanao. Halafu tuulizane kwa upole, maana na mimi nimo: ni nani aliyemwambia mtoto "piga magoti tusali", kisha mwenyewe akabaki kwenye kochi na simu? Nani amesema "msitukanane" kwa mdomo uliotoka kumtukana jirani saa ile ile? Tumesema pandeni, kisigino tumekiacha nyuma.

Najua tunaogopa. Mtoto akikohoa mara mbili tu moyo unashuka tumboni, akichelewa kurudi kutoka shuleni unaona mambo ambayo hata hayajatokea, unaanza kuhesabu nani wa kumlaumu. Na Geti aliogopa, chai ilimshinda. Aliogopa na akakimbia, na hofu ikabidi imfuate nyuma.

Nawaambia bila kusita, hatutashindwa. Kibendera kina mwenyewe, yuko juu, na Yeye hachelewi kuona kama yule wa uwanjani. Tumwachie kibendera chake. Sisi alitupa miguu.

Filimbi haijalia bado. Shusha mkono, mama. Kimbia.