Kibali cha Mtu Mmoja

Hapo zamani, si zile za majitu na wafalme bali zamani za karibu tu, barua zilipokuwa bado zikipanda mlimani kwa basi mara mbili kwa wiki, walikuwepo ndugu watatu katika milima ya Usambara, kijiji cha Kwembago. Mkubwa wao aliitwa Mboni. Wa kati alikuwa mwanamume, jina lake Hoza. Wa mwisho alikuwa Tunu. Baba yao, Mbelwa, alifariki Tunu akiwa bado anatambaa, na mama yao akawalea kwa maharage na miti ya plamu iliyopandwa kwenye matuta.

Watu wa kule huamka ndani ya ukungu. Mboni aliuchukia ukungu ule kwa sababu ulimziba macho, na aliupenda kwa sababu ulipoinuka, nchi tambarare ilitokeza chini kabisa, pana, ya rangi ya vumbi, na barabara imepita katikati yake nyembamba kama uzi. Tangu usichana wake alikuwa na mazoea ya kusimama mwisho wa shamba na kuifuata barabara ile kwa macho mpaka inapotelea. Majirani walidhani anatazama mvua. Hakuwa anatazama mvua. Alikuwa anatamani kufika barabara inakoishia, akaone kuna nini, na ikiwezekana aishi huko huko.

Siku moja mchana, wote watatu wakiwa wamekaa barazani wanachambua maharage, redio ikatangaza habari. Ilisema iko nchi ya ng'ambo, nchi ya baridi, ambako vijana wamehamia mijini na mashamba ya matunda yamebaki na wazee. Watu wa nchi hiyo walikuwa wanatafuta mtu hodari wa kubebesha miti, yaani wa kukata kijiti cha mti huu na kukiunga juu ya shina la mti ule mpaka viwe kitu kimoja. Mwenye ujuzi huo atume picha ya kazi yake na barua ya kuieleza. Atakayependeza atapewa nyumba, shamba, na kibali cha kuishi huko maisha yake yote. Tangazo lingerudiwa kila mwaka mpaka apatikane.

Hoza aliendelea kuchambua. Tunu alisita. Mboni akasema, "Twende."

Alilisema neno hilo siku ile, na alilisema msimu mzima wa mvua. Alimfuata Hoza shambani, akamwambia mikono kama yake inapotea bure mlimani. Hoza alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu afiwe na mkewe alikuwa wa maneno machache zaidi. Alijibu kwamba yeye ana palizi. Kesho yake Mboni akarudi. Alimfuata Tunu kisimani, akamwambia ana akili ya kujifunza lugha yoyote. Tunu akasema lugha ile hakuna anayeijua. Mboni akamtafutia anayeijua: nesi mmoja mstaafu katika kijiji cha jirani, aliyewahi kusomea katika nchi hiyo.

Siku waliyokubali haikuwa na shughuli yoyote maalumu. Hoza alitua jembe akasema, "Haya, Dada. Lakini tukienda, twende wote." Tunu akasema hivyo hivyo. Mboni akageuka upande, wasimwone uso.

Basi wakaanza kazi. Hoza alisema mti wa kuwashangaza watu wale ni mmoja utakaozaa plamu nyekundu, plamu za manjano na pichesi, zote kwenye shina moja. Plamu nyekundu walikuwa nazo, pichesi walikuwa nazo. Za manjano zilikuwa katika bustani kuukuu upande wa pili wa milima, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na vijiti vikishakatwa hukauka upesi. Mboni akaenda. Alivikata, akavifunga ndani ya maganda ya mgomba yaliyolowa, akashuka bonde na kupanda bonde, akisimama kwenye kila kijito kuvilowesha upya. Alifika na miguu iliyovimba na vijiti vibichi. Hiyo ilikuwa kazi ya Mboni.

Hoza akanoa kisu. Alikata, akachonga, akaunga, akafunga kwa kamba za mgomba. Vijiti vinane alivibebesha, vitano vikafa. Vitatu vilivyobaki alivilea kama mtu anayelea wagonjwa: alivikinga na jua, akavifukuzia siafu, na mvua ya mawe iliponyesha alikwenda kuufunika mti kwa blanketi lake mwenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya Hoza.

Na Tunu, miaka miwili na zaidi, alikwenda kwa yule nesi kila jioni baada ya shamba. Alijifunza lugha ile mpaka akaanza kuiota. Mti ulipozaa mwaka wa tatu, rangi zote tatu, wakampata mpiga picha, kisha Tunu akaketi na kuandika. Aliandika kurasa nne. Aliueleza mti, akayaeleza matuta, akaueleza ukungu, na nesi aliposoma alivua miwani akaifuta. Hiyo ilikuwa kazi ya Tunu.

Barua ikaenda. Hapo ndipo zilipoanza siku ambazo Mboni hakuwa amezitarajia.

Kwanza walimwambia mama. Mama aliuliza kama watu wa huko wanakula ugali. Walipomwambia hawali, aliinuka kwenda kutazama mbuzi.

Halafu majirani wakasikia, na wakaanza kumsalimu Mboni kama mtu ambaye ameshaondoka. "Kumbe ungalipo?" walimuuliza njiani. Naye alikuwapo, tena kuliko wakati wowote. Aliowapenda na asiowapenda, wote walimwingia moyoni. Kila kitu alichokuwa amekizoea mpaka hakioni, sasa alikiona. Alisikia kinu cha jirani asubuhi na kusimama kukisikiliza. Moshi wa kuni mbichi, ambao maisha yake yote ulimtoa machozi na laana, aliuvuta puani taratibu. Akimtazama mama akisonga ugali, aliyahesabu madoa ya uzee kwenye mikono yake, akijaribu kuyashika kichwani. Hakuwa ameondoka hata hatua moja na tayari alikuwa anapakumbuka.

Lakini kila ukungu ulipoinuka alikwenda tena mwisho wa shamba. Barabara ilikuwa pale pale, na hamu ya kwenda haikupungua hata chembe. Alikuwa anatamani huku akiwa huku, na anatamani kule kabla ya kufika kule, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Tunu alimfundisha maneno ya lugha ile wakipalilia. Neno la theluji lilimshinda. Alilirudia mpaka wote wawili wakaketi chini kwa kucheka, na Mboni alipoacha kucheka aliendelea kulirudia peke yake.

Jibu likaja. Mboni ndiye aliyelichukua kutoka kwenye basi, na alilibeba kifuani mpaka nyumbani bila kulifungua, kwa kuwa asingeweza kulisoma. Tunu akasoma. Alisoma kimya kwanza, na wenzake walijua kutokana na uso wake kwamba kuna jambo.

Watu wa ng'ambo waliandika kwamba katika miaka yote ya tangazo hawajawahi kuona mti kama ule, wala kupokea barua kama ile. Walifurahi sana. Lakini barua ya Tunu ilisema mti ni kazi ya watu watatu, na wao walikuwa na kibali cha mtu mmoja tu. Baadaye mtu huyo angeweza kumleta mume au mke na watoto, lakini ndugu, hapana. "Aje yule ambaye mti huu ni wake," waliandika. Ndani ya bahasha palikuwa na fomu, yenye nafasi ya jina moja. Ili iwahi, ilipaswa kuondoka kwa basi la Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Jumanne hawakusemezana. Jumatano kila mmoja alisema aende mwingine, na kila mmoja alijua kwamba mwingine hasemi kweli. Alhamisi mama akawaita barazani akawaambia waseme yaliyo moyoni, kwa sababu nyumba imekuwa kama ya msiba.

Wa kwanza kusema alikuwa Hoza, na hilo peke yake liliwashangaza.

"Wanatafuta mtu wa kubebesha miti," alisema. "Mimi ndiye ninayebebesha. Dada alileta vijiti, Tunu aliandika, lakini wakimpa mmoja wenu shamba lile atafanya nini nalo? Hilo ni la kwanza. La pili sijawahi kulisema. Kila tuta la shamba hili nilililima na marehemu mke wangu, Saumu. Nikiinama namwona, nikiinuka namwona. Miaka sita sasa. Mimi wala sina hamu ya kuiona hiyo nchi. Nataka kukaa mahali ambapo hata mti mmoja haumjui."

Akainamisha kichwa. Tunu akangoja, kisha akasema yake.

"Kaka, mti wako mzuri, lakini waliuona kwenye picha ndogo isiyo na rangi. Rangi zake walizisoma kwangu. Pichani ulionekana mti kama mti mwingine. Mimi ndiye niliyewafanya wautamani. Na huko, nani kati yetu ataweza hata kuomba maji? Kubebesha nimekuona ukifanya, nitajifunza, kama nilivyojifunza lugha." Hapo sauti ikapungua. "Tena mimi ni binti wa mwisho, sijaolewa. Ninyi mmekwisha kuishi maisha fulani. Mmoja wenu akienda, mnajua nani atakayekuwa wa kubaki na nyumba. Nikibaki safari hii, nitakuwa mtu wa kubaki maisha yangu yote."

Ikawa zamu ya Mboni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatatu, na yalipofika mdomoni hayakuwa yale.

"Mimi sina mikono ya Hoza wala ulimi wa Tunu," alisema. "Nilichokuwa nacho ni kutaka. Nyote wawili mlikuwa mmekaa. Mti ule haukuwamo kichwani mwa mtu yeyote mpaka nilipowasumbua, na nikavileta vijiti kwa miguu yangu. Lakini nitasema lingine. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipata nafasi ya kwenda nje kufanya kazi kwa familia moja. Nilipanda basi. Nilikuwa nimeketi dirishani. Tunu alikuwa na homa mgongoni kwa mama, Hoza ameshika gauni lake, na baba ana miezi minne tu kaburini. Nikashuka. Hakuna aliyeniambia nishuke. Sijawahi kujuta kwamba nilishuka, ila tangu siku ile sijawahi kuacha kuwa ndani ya basi lile."

Hoza na Tunu hawakuwa wanalijua jambo hilo, kwa kuwa walikuwa wadogo mno. Mama alilijua. Alijifunika uso kwa kanga.

Wakamgeukia, wakamwomba achague. Mama akakataa.

"Nimewazaa watatu," alisema. "Nikimtaja mmoja, wawili nitakuwa nimewatupa. Lakini nawaambia hili. Mtu asibaki hapa kwa jina langu. Mguu unauma, macho yanafifia, ni kweli, lakini sitaki kuangaliwa na mtu ambaye kila siku anaiangalia barabara. Atakayebaki abaki kwa sababu zake mwenyewe."

Basi njia hiyo nayo ikafungwa, na ilikuwa njia ambayo kila mmoja alikuwa ameitegemea kwa siri.

Asubuhi ya Ijumaa Hoza na Tunu walikwenda kwa Mboni pamoja. Walikuwa wamezungumza. Walimwambia fomu aipeleke yeye, na jina aliandike yeye, lolote atakaloandika watalipokea na hawatalizungumza tena. "Wewe ndiye mkubwa wetu, Dada," alisema Tunu. "Mara ile ulijiamulia peke yako. Na safari hii amua."

Mboni hakujua kama wamempa heshima au wamemtwisha mzigo. Aliichukua bahasha akashuka mpaka posta.

Posta palikuwa na watu wachache. Karani alimwazima kalamu. Mboni akaitandaza fomu juu ya kaunta, akaandika kwanza jina la baba, Mbelwa, kwa herufi kubwa za taratibu, kwa sababu hilo lilikuwa la wote watatu. Kisha kalamu ikasimama. Basi lilikuwa nje linanguruma. Karani akamwambia, kwa upole, kwamba mfuko wa barua unafungwa. Mboni akamwona Hoza ameinama kwenye tuta. Akamwona Tunu mwenye nywele nyeupe, ameketi peke yake barazani. Akajiona mwenyewe, dirishani.

Akaandika.

Mmoja alikwenda na wawili walibaki. Aliyekwenda alituma barua kusema kwamba huko plamu huiva mwezi wa nane, na kwamba alipouma ya kwanza ilibidi aketi chini ya mti mpaka machozi yakauke. Waliobaki waliisoma barua ile mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Wote watatu waliishi na hamu, kila mmoja ya kwake, na hakuna aliyewahi kumlaumu mwenzake.

Jina lililoandikwa ninalijua. Lakini nikilitaja sasa mtasema ndilo lililokuwa la haki, kwa kuwa ndilo lililoandikwa. Kwa hiyo anzeni ninyi. Kalamu iko mkononi mwenu, na basi linanguruma. Hoza aliyeuunga mti, Tunu aliyewafanya watu wa mbali wautamani, au Mboni aliyeutaka kabla haujakuwepo: je, nani alistahili kwenda?